Zile Mbili za Alfajiri

Mtaani walimwita Maringo, na waliompa jina hilo waliamini wamempa haki yake. Ukimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, hakupungii. Ukimtabasamia dukani, akiwa mlangoni na wewe uko kwenye rafu za nyuma, anakupita kama nguzo ya umeme. Lakini ukimfikia karibu ukamsalimu, anaudaka mkono wako kwa mikono yake yote miwili na kukuuliza hali ya watoto, ya mama mkwe, na ya yule kuku aliyekuwa akiumwa. Watu walishindwa kumwelewa. Wakaamua kwamba ni mtu wa kuchagua siku: leo anakujua, kesho hakujui.

Kazi yake ilikuwa kudarizi. Kola, vifua vya magauni, pembe za vitambaa vya meza. Maua madogo madogo ambayo mteja alilazimika kuyasogeza dirishani ili ayahesabu majani. Alishona akiwa ameinama, kitambaa karibu kimguse pua, na wateja walipomwona hivyo walisema, "Fundi huyu hana mchezo na kazi." Mafundi wenzake walimletea sindano zao awatungie uzi, maana yeye aliupitisha mara ya kwanza, bila kulamba ncha, bila kukunja uso. Walimsifu kwa macho. Yeye mwenyewe alijisifu kwa macho.

Ukweli ulikuja kujulikana akiwa tayari ana mvi: macho yale yalikuwa mazuri kwa kitu kilicho karibu tu. Kikishazidi urefu wa mkono, dunia yote ilikuwa ukungu wenye rangi. Miti ilikuwa mafungu ya kijani, watu walikuwa nguo zinazotembea. Lakini ndivyo alivyozaliwa, na mtu hawezi kukosa asichowahi kuwa nacho. Aliamini kila mtu anaona hivyo. Shuleni hakuona kilichoandikwa ubaoni, akanakili kwa jirani yake, wakamwita mvivu, naye akakubali kwamba ni mvivu.

Mume wake alikuwa mwokaji mikate. Walijuana siku alipomletea aproni yenye mfuko uliochanika, akabaki amesimama pale hadi kazi iishe, ingawa aliambiwa aje kesho. Alikuwa mtu mpole, mwenye unga kwenye nyusi hata siku za mapumziko, na kitu kimoja tu kilimfanya awe msemaji: anga. Aliondoka nyumbani kabla hakujapambazuka, mji ukiwa bado umelala, akaenda kazini kwa miguu akiwa ameinua uso. Kutokana na safari hizo, na kitabu kimoja cha shule kilichopoteza jalada, alijua kila kilichong'aa juu na kinakoelekea.

Na alitaka mkewe ajue. Mara tu walipooana akaanza kumwita mlangoni alfajiri.

"Mke wangu, njoo mara moja."

"Kuna nini?"

"Ile pale, juu ya paa la jirani. Usiseme ni nyota, watu wote hukosea hapo. Nyota humeta. Itazame nyota yoyote, haitulii, kama mtu anayekonyeza. Ile imetulia tuli. Ile ni sayari. Ndiyo Zuhura."

Maringo alitazama. Aliona doa la mwanga, pana na laini, kama taa iliyo nyuma ya pazia. Kando yake hakukuwa na kitu.

"Naona," akasema.

"Na ile ndogo kushoto kwake, unaona inavyometa?"

"Naona."

Hakuwa akimdanganya, kwa jinsi alivyojua yeye. Alidhani kumeta ni usemi tu. Watu husema moyo umeruka, na hakuna anayeinama kuutafuta sakafuni. Alidhani mumewe ana moyo wa namna hiyo, wa kuona ukungu juu ya paa akaupamba kwa maneno, naye alimpenda kwa hilo. Akaitikia "naona" kama mtu anavyoitikia hadithi ya kumbembeleza mtoto, akambusu kwenye unga wa nyusi zake, akarudi kulala.

Walipata mtoto wa kike mwenye alama nyeusi shavuni, wakamwita Kidoti, na jina la hospitali likasahaulika. Kidoti alipoanza kusema, baba yake alimpandisha mabegani jioni, jua likiwa limezama tu, wakasimama uani.

"Baba, ile inameta!"

"Basi ni nini?"

"Nyota!"

"Na ile?"

"Ile haimeti. Ni... ni sayari. Ni Mshtarii!"

Mama yake aliwasikia akiwa ndani, sindano mkononi. Akacheka. Akawaza jinsi watoto wanavyojua kuiga.

Siku zikaenda hivyo, na huenda zingeendelea kwenda, kama si mambo mawili yaliyofuatana.

La kwanza lilitokea kituo cha basi. Mwokaji alikuwa amesimama na wenzake wa kazini, akamwona mkewe anakuja upande wao amebeba robota la vitambaa. Akajinyoosha. "Mnamwona yule? Ndiye mke wangu." Akainua mkono juu, akatabasamu, hakupaza sauti kwa sababu alijua hakuna haja. Maringo akageuza uso, akawatazama moja kwa moja, akapita. Wenzake walicheka hadi wakashikana mabega. "Mke wa nani? Wewe bwana, tafuta mwingine, huyo hakujui!"

Jioni ile alikula nusu ya chakula chake. Mwishowe akaweka kijiko chini.

"Leo umenipita."

"Wapi?"

"Kituoni. Nimekupungia mkono."

"Sijakuona, mume wangu. Naapa."

"Umenitazama usoni, Mama Kidoti. Usoni."

"Kama ningekuona ningekuja."

Mwokaji akaondoa sahani yake. Alikuwa amelisikia lile jina la mtaani miaka mingi, na siku zote alilikasirikia kwa niaba ya mkewe. Usiku ule alianza kujiuliza kama mtaa hauna sababu zake.

La pili lilikuja miezi michache baadaye. Kwa siku nyingi Mwokaji alikuwa akifuatilia Zuhura na Mshtarii zikisogeleana katika anga la alfajiri. Kila siku alirudi na habari, kama mtu anayefuatilia uchumba wa watu: jana zilikuwa mbali kiasi cha ngumi ya mkono ulionyooshwa, leo ni vidole viwili, leo ni kidole kimoja. Moyo wake ukamlainikia tena mkewe. Jioni akamwambia, "Kesho zitakaa pamoja, karibu zigusane. Nataka tuzione sote. Usiniambie una usingizi."

Alfajiri ikafika, anga safi kama sahani iliyooshwa. Wakatoka uani, Maringo amejifunika shuka, Kidoti amelala ndani. Mume akamshika bega, akamgeuza polepole kuelekea mashariki.

"Haya. Tazama."

Aliona doa moja la mwanga. Labda kubwa kuliko siku nyingine.

"Unaziona?"

"Naona. Zimependeza."

Sauti yake ilikuwa na usingizi, na pengine hilo ndilo lililomfanya mumewe aulize swali ambalo hakuwahi kuuliza. "Ipi inang'aa zaidi? Ya kulia au ya kushoto?"

Maringo akasita. "Ya kulia," akasema.

Mkono ukaondoka begani kwake.

"Hakuna ya kulia," mume akasema. "Moja iko juu, nyingine iko chini."

"Basi nimekosea. Nilimaanisha ya juu."

"Hukukosea. Hukutazama." Hakuwa amepandisha sauti, ingekuwa afadhali angepandisha. "Miaka yote hii nakuita, unaniitikia tu. Naona, naona. Kama mtu anayemfukuza mwuza karanga."

"Si hivyo."

"Ni vipi, basi? Niambie."

Alitaka kumwambia. Lakini angesema nini? Kwamba hapo juu kuna doa moja, na kwamba siku zote alidhani haya mengine ni maneno yake matamu? Aliona hilo ni tusi kubwa kuliko kunyamaza. Akanyamaza. Mwokaji akachukua mfuko wake akaenda kazini, na tangu siku hiyo hakumwita tena mlangoni.

Haikuvunjika sahani, wala jirani hakuitwa kuamua. Waliishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Mwokaji alitoka kimya alfajiri, akafunga mlango taratibu ili asimwamshe, na Maringo, aliyekuwa macho, akasikiliza hatua zake zinavyosimama kidogo uani kabla ya kuendelea. Mara kadhaa alitaka kuinuka amfuate. Akaogopa kuulizwa tena ya kulia au ya kushoto.

Kidoti alipokuwa anakaribia kumaliza shule ya msingi, baba yake akapanga chumba karibu na kiwanda cha mikate. Alisema ni kwa sababu ya umbali. Baada ya mwaka hivi, wakaachana rasmi, na baadaye akaoa mwanamke mwingine, mpishi wa shule, mcheshi, anayejua kumpungia mtu mkono. Maringo aliendelea kudarizi. Alipoulizwa kilichotokea alisema, "Hatukuonana," na watu walidhani anafumba.

Kidoti alikua, akasomea upimaji wa macho, akaajiriwa katika duka la miwani mjini. Wiki yake ya kwanza alimwomba mama yake apite dukani baada ya kupeleka mzigo kwa mteja.

"Nataka tu kuzoesha mkono, mama. Wewe kaa kwenye kiti."

"Hata mimi? Mwanangu, macho yangu unayajua. Mtafute mgonjwa."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Kwako nitamaliza haraka."

Alimkalisha, akamfunika jicho moja, akamwelekeza ukutani kwenye ubao wa herufi. "Anza juu. Ile kubwa kabisa."

"Ipi?"

"Herufi ya kwanza, mama. Ile kubwa."

Maringo alikunja macho. "Pale pana karatasi nyeupe," akasema. "Hujaandika bado."

Kidoti akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamfunika jicho la pili, akauliza tena. Akachukua fremu nzito ya chuma, akamvika, akaanza kutumbukiza vioo, kimoja, kingine, akibadilisha.  Kisha akamshika mama yake mkono, akamwinua, akampeleka hadi mlangoni mwa duka.

"Tazama nje."

Kilichomtisha kwanza ni mti. Ulikuwa na majani. Si kijani tu. Majani, moja moja, kila moja na ukingo wake, kana kwamba mtu ameyadarizi yote na hakuchoka. Akasoma kibao cha duka la ng'ambo. Akaona uso wa mama anayeuza vocha chini ya mwavuli, mwanamke aliyempita kila wiki.

"Kumbe ana mvi," akasema. "Kumbe ananitazama."

Yule mama wa vocha alikuwa ameinua mkono, kwa mazoea tu, bila kutegemea kitu. Maringo akainua wake. Mama wa vocha aligeuka nyuma kuangalia ni nani anayesalimiwa.

"Mama," Kidoti akasema. "Mama, ulikuwa unavukaje barabara?"

"Nilikuwa nasikiliza."

Miwani yake ilikuwa tayari baada ya siku chache. Mtaani ilikuwa kama sherehe na msiba kwa pamoja. Aliwasalimu watu toka mbali hadi wakadhani anagombea uongozi. Wengine waliomba radhi kwa jina walilompa, wengine waliendelea kulitumia kwa mapenzi. Yeye alicheka na kila mmoja. Mambo ya angani hayakuwa akilini mwake kabisa.

Jioni moja alitoka uani kuanua nguo. Jua lilikuwa limezama, magharibi bado kuna rangi ya chungwa. Alinyoosha mikono kuchukua shuka kwenye kamba, akainua uso, na juu ya kamba palikuwa na nukta.

Nukta, si doa. Nyeupe, kali, ndogo kuliko tundu la sindano, na imetulia tuli. Akabaki ameshika shuka. Kadiri giza lilivyoingia, nyingine zikajitokeza, hapa moja, pale tatu, na hizo hazikutulia: zilikuwa zikitetemeka, zinazima na kuwaka, zinakonyeza. Akarudisha macho kwa ile ya kwanza. Haikukonyeza. Akazitazama tena zile nyingine. Zilimeta.

Ilikuwa hivyo hivyo kama alivyoambiwa. Hakuna neno lililozidishwa, hakuna pambo. Mwokaji alikuwa akimweleza kitu kilichopo, neno kwa neno, kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni, naye kwa miaka yote alimchukulia kama mtu anayeota.

Aliketi kwenye beseni lililopinduliwa, shuka mapajani, akalia mpaka vioo vikaingia ukungu na dunia ikarudi kuwa ile ya zamani.

Alimwendea mwisho wa wiki, mchana. Mwokaji hakuwa tena mbele ya tanuri. Mgongo ulimsumbua, wakamweka kwenye kufungasha mikate. Alimkuta nje ya kiwanda, kwenye benchi, amekunjua miguu. Mkewe, yule mpishi, alikuwa amemletea chakula; alipomwona mgeni alimsalimu vizuri, akasogeza vyombo ili apate nafasi ya kukaa, akaingia ndani kwa kisingizio cha kutafuta maji.

"Umevaa miwani, Mama Kidoti."

"Ndiyo iliyonileta." Akavua, akampa. "Tazama humo."

Mwokaji akaisogeza machoni, akashtuka, akaiondoa upesi. "Mbona kali hivi? Inaumiza kichwa."

"Bila hiyo, wewe hapo ulipo sikujui kwa sura. Nakujua kwa sauti na kwa harufu ya mkate. Kidoti anasema ndivyo nilivyokuwa tangu utotoni. Sikujua, Baba Kidoti. Nilidhani sote tuko hivyo."

Alimweleza yote: ubaoni, barabarani, dukani, uani. Mwokaji alisikiliza huku ameishika miwani ile kwa vidole viwili, kama kitu cha moto. Alipofika kwenye kituo cha basi, akamkatiza.

"Kwa hiyo siku ile..."

"Niliona watu. Nguo za watu. Nikageuza uso kwa sababu nilisikia basi."

"Walinicheka mwaka mzima."

"Najua. Nimekuja kukwambia sikukupita."

Akamrudishia miwani. 

"Na zile mbili?" akauliza. "Zile za alfajiri?"

"Kwangu ilikuwa moja. Kubwa, imetawanyika. Nilikuwa nakisia."

"Ungeniambia tu, naona moja."

"Ningesemaje? Nilidhani unazitunga."

Alitoa sauti iliyokuwa nusu ya kicheko, ikafa njiani. "Nilikuwa nakuuliza kama unaona," akasema. "Kila siku, unaona? unaona? Hata siku moja sikuuliza unaona nini."

 Mfanyakazi mmoja alipita na kreti za mikate, akawasalimu, wakaitikia pamoja kwa sauti moja, kama walivyozoea zamani, na wote wawili wakalisikia hilo.

"Bado unatoka kuzitazama?" Maringo akauliza.

"Hapana. Siku hizi naingia kazini jua limeshachomoza. Na hata kabla ya hapo niliacha. Kila nilipoinua uso nilikasirika." Akakuna shingo. "Sasa hivi Zuhura iko wapi, hata sijui."

"Iko magharibi, jioni. Jua likishazama tu. Inakuwa ya kwanza."

"Imetulia?"

"Imetulia. Zingine zinameta."

Mwokaji akatikisa kichwa polepole, akageuzia uso kwenye ukuta wa kiwanda. Yule mpishi akarudi na maji, akampa mgeni kwanza. Maringo akayanywa, akashukuru, akasema basi la jioni hujaa mapema. Mwokaji aliinuka kumsindikiza hadi getini, mkono mgongoni kwa maumivu, na walipoagana alisema tu, "Msalimie Kidoti." Alitaka kusema kitu kingine; Maringo alikiona usoni mwake, sasa kwa kuwa nyuso zilikuwa zimeanza kumwonyesha mambo. Lakini mkewe alikuwa amesimama pale kwenye benchi anafunga vyombo, na alikuwa mke mwema, na hakuna aliyemkosea mwenzake kiasi cha kuhalalisha kumwumiza huyo.

Kidoti alikuwa amemsubiri nyumbani.

"Amekasirika?"

"Bora angekasirika."

"Amesema nini, basi?"

 Maringo alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha kushonea, lakini hakushika kazi. Kola ya mteja ilikuwa mezani, ua moja limekamilika na jingine nusu.

"Kijana yule," akasema, kama anayemzungumzia mtu mwingine kabisa, "alikuwa anaamka kwenye baridi, anakwenda kusimama mbele ya moto siku nzima, na kabla ya yote hayo alitaka nitoke nje naye. Dakika moja tu. Hakutaka kitu kingine. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo, mwanangu, wala hatatokea."

 Kidoti akachota maji, akawasha jiko, akabandika chai.